Simu ya Mama, Pesa ya Mwana

Oda ya kwanza iliyotushinda iliingia asubuhi moja ya mwaka 2021, mvua ikiwa bado inanyesha Litein, Kericho. Kijana anayefanya kazi Nairobi alikuwa amefungua tovuti ya duka la shemeji yangu, akachagua blanketi moja zito na jozi ya gambuti za kike, akajaza fomu yote bila kuruka mahali. Sisi tulioketi nyuma ya kaunta tukaiona oda ikitokea kwenye kompyuta, tukafurahi. Dakika moja baadaye ikaandikwa kwamba malipo hayakupita. Akajaribu tena. Hayakupita tena.

Kisha simu ya duka ikalia. Hakuwa yule kijana. Alikuwa mama mmoja wa upande wa Kapkatet, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeingiwa na hofu.

"Mwanangu, mimi niko hapa kwa shamba nachuma chai. Simu inaniambia nitoe pesa, tena inataka namba ya siri. Inasema ni duka lako. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, mama," shemeji alimjibu. "Usibonyeze chochote. Wacha niulize huku, nitakupigia."

Ilituchukua karibu nusu saa kuelewa. Fomu yetu ilikuwa na nafasi moja tu ya namba ya simu. Kijana akaandika namba ya mamake, na alikuwa na haki, maana mtu wa boda atakayepeleka mzigo atampigia mama, hatampigia yeye aliye Nairobi. Programu nayo ikaichukua namba hiyohiyo kuwa ya mlipaji, ikatuma ombi la M-Pesa huko. Mama, kikapu mgongoni na mikono imelowa, akaona simu yake inamdai pesa za blanketi ambalo mwanawe alitaka limfikie kama zawadi. Katika nchi ambako kila wiki mtu husikia jirani kaibiwa kwa simu, alifanya sawasawa kabisa kuogopa.

Nimeikumbuka asubuhi ile kila mara ninapoulizwa, na huulizwa mara nyingi siku hizi, ni programu ipi inayofaa kwa duka dogo la mtandaoni. Vijana wa Kericho na Bomet huja na majina mawili matatu waliyoyasikia, wanataka niseme hili au lile. Huwa nawauliza kwanza: nani atakayelipa, na nani atakayepokea? Wengi hunitazama kama mtu aliyekwepa swali.

Mpango wetu wenyewe haukuwa wa mablanketi. Shemeji ana duka la kawaida la bidhaa za nyumbani na shambani: gambuti, makoti ya mvua, sufuria, chupa za chai, taa za sola, mablanketi ya msimu wa baridi. Alichotaka kuuza mtandaoni ni chai ya zambarau. Aina hiyo, TRFK 306, ilitolewa kwa wakulima mwaka 2011 na watafiti wa chai walioko hapa hapa Kericho, Timbilil. Majani yake yana rangi ya zambarau, na hadithi yake ni nzuri kuisimulia kwa mgeni. Tuliwaza wanunuzi wa Nairobi wenye kupenda vitu vipya, tukawaza hata wa Ulaya. Vile vitu vingine vya dukani tuliviweka kwenye tovuti ili tu kurasa zisionekane tupu.

Kufika mwisho wa mwaka wa kwanza, chai ya zambarau ilikuwa imetoka pakiti chache za kuhesabika. Kuipakia na kuiuza chai kwa jina lako kuna usajili wake kwa Bodi ya Chai na alama yake ya ubora, mambo ambayo hayaishi kwa wiki moja, na gharama ya kutuma nusu kilo ng'ambo humshinda mnunuzi aliye mbali. Kilichotoka ni mablanketi. Zikatoka gambuti, taa za sola, masufuria makubwa ya kupikia watu wa matanga na harusi. Na karibu kila oda ilikuwa na umbo lile la oda ya Kapkatet: pesa inatoka Nairobi, Nakuru au Eldoret, mzigo unabaki huku nyumbani, dukani hadi kwa mama kilomita chache. Tulijenga duka la kupeleka vitu nje, watu wakaligeuza kuwa duka la kupeleka vitu kwa wazazi.

Waliotutangulia walishaliona jambo hili, kwa kiasi kikubwa kuliko chetu. M-Pesa yenyewe haikupangwa iwe hivi tunavyoijua. Jaribio lake lilianza mwaka 2005, likisimamiwa na watu wa Vodafone, Nick Hughes na Susie Lonie, kwa msaada wa fedha za serikali ya Uingereza. Lengo lilikuwa kuwawezesha wakopaji wa shirika la mikopo midogo, Faulu, kurudisha mikopo yao kwa simu. Watu waliopewa simu za majaribio walifanya mengine. Walitumiana pesa kwa shughuli zao, wakawatumia jamaa, wakalipiana. Wasimamizi walitazama, wakakubali walichokiona. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, habari za mikopo zilikuwa zimewekwa kando, na tangazo lilimwambia mtu jambo moja tu: atume pesa nyumbani. Nadhani huo ndio uamuzi bora wa kiteknolojia uliowahi kufanywa Kenya, na ulikuwa uamuzi wa kuacha mpango.

Sasa nirudi kwenye kuchagua. Tulipoanza tulifanya kama wafanyavyo wengi. Tulichora jedwali. Upande wa kushoto tukaandika majina ya programu, juu tukaandika sifa. Kulikuwa na Shopify, ambayo unaikodi kwa mwezi. Kulikuwa na zile za huria ambazo unazipakua bure na kuziweka kwenye seva yako: WooCommerce, iliyotoka mwaka 2011 na kukaa juu ya WordPress, PrestaShop ya Ufaransa, ya mwaka 2007, OpenCart, Magento, ambayo tuliona ni kubwa mno kwetu, na osCommerce, ya tangu mwaka 2000 huko Ujerumani, ambayo umri wake ulikuwa umeanza kuonekana. Sifa tulizozipima zilikuwa kama hizi: je, ina kuponi za punguzo? Wateja wanaweza kuweka nyota? Inauza kwa sarafu nyingi? Ina mandhari ya kupendeza? Jedwali lilijaa alama za ndiyo. Leo nikilikumbuka naona lilikuwa limeandikwa na watu wa mbali, sisi tukanakili tu.

Kila programu hubeba mtaa ilikozaliwa. Shopify ilianza na duka halisi. Tobias Lütke, Mjerumani aliyehamia Kanada, alifungua na wenzake mwaka 2004 duka la kuuza mbao za kutelezea kwenye theluji, akaona programu zilizokuwepo hazimfai, akaandika yake. Mwaka 2006 wakaanza kuikodisha kwa wengine. Naiheshimu sana historia hiyo, kwa sababu inaonyesha namna kazi nzuri inavyoanza: mtu ana duka, duka lina shida, shida inaandikiwa dawa. Ila duka lile lilikuwa Kanada. Mnunuzi wake ana kadi ya benki, ana nyumba yenye namba kwenye barabara yenye jina, na mara nyingi anayelipa ndiye atakayefungua mlango. Fomu yake inauliza maswali ya huko.

Kwetu maswali hayo yanawakuta watu wa namna nyingine. Fomu inadai jina la barabara na namba ya nyumba, na haikuruhusu kuendelea mpaka ujaze. Mama wa Kapkatet hana barabara yenye jina. Msimbo wa posta upo, Kericho ni 20200 na Bomet ni 20400, lakini huo unaelekeza kwenye sanduku la posta mjini, haumpeleki mtu wa boda kwenye lango la boma. Wateja wetu walijaza walivyoweza. Mmoja aliandika "pita kanisa la AGC, uliza kwa mwalimu." Mwingine aliandika sufuri tano mahali pa msimbo. Mwingine akaandika jina la barabara ya Nairobi anakoishi yeye, na sisi tukakaribia kupeleka mzigo Nairobi.

Halafu kuna bei. Mwaka 2021 mpango wa chini wa Shopify ulikuwa dola 29 kwa mwezi, na dola moja ilikuwa takriban shilingi 110, yaani kama shilingi 3,200. Mwaka 2023 mpango huo ulipandishwa hadi dola 39. Kufikia Januari 2024 shilingi ilikuwa imeporomoka hadi takriban 160 kwa dola. Piga hesabu: shilingi 6,240 kwa mwezi, karibu mara mbili, na duka halijaongeza hata rafu moja. Shilingi ilipata nguvu baadaye mwaka huohuo, lakini mwenye duka la Litein hawezi kupanga maisha kwa kutegemea soko la dola. Juu ya hapo, mfumo wao wa malipo haufanyi kazi Kenya, na anayetumia njia nyingine ya malipo hukatwa asilimia 2 kwenye mpango ule wa chini. Blanketi la shilingi 1,500 linakutoa shilingi 30 kabla hujalipa mtu wa kukupokelea M-Pesa. Faida ya blanketi haistahimili makato hayo.

Bei, hata hivyo, si sababu kubwa. Nimewaona watu wakilipa vizuri na kufanikiwa kwa programu ya kukodi, hasa wanaouzia wageni wenye kadi. Sababu kubwa ni fomu. Miaka ile, kubadilisha ukurasa wa kulipia katika Shopify kulikuwa haki ya wale wa mpango wa juu, ulioanzia dola 2,000 kwa mwezi. Ungeweza kubadilisha rangi, picha, maneno ya mbele, lakini maswali anayoulizwa mteja wakati wa kulipa hayakuwa yako. Kwa duka la theluji hiyo si hasara. Kwa duka linalohitaji kuuliza "nani analipa?" na "nani anapokea?" kuwa maswali mawili tofauti, hiyo ndiyo hasara yenyewe. Tulichagua WooCommerce kwa bahati, kwa sababu ilikuwa bure. Ile asubuhi ya Kapkatet ndiyo iliyotuonyesha kwamba bure haikuwa sababu nzuri, na kwamba sababu nzuri ilikuwepo bila sisi kuijua: fomu ile tungeweza kuifungua na kuiandika upya.

Tukaiandika. Swali la kwanza likawa: *Unamnunulia nani?* Mteja akisema ananunua kwa ajili yake, anaona fomu fupi. Akisema ananunulia mtu mwingine, anaona nafasi mbili za simu, moja imeandikwa *Simu itakayolipa*, nyingine *Simu ya atakayepokea*. Ombi la M-Pesa huenda kwa ya kwanza peke yake. Mama hupokea ujumbe mfupi baada tu ya malipo kukamilika, ukimwambia mwanawe amemtumia nini na boda itafika lini, na kwamba hatakiwi kulipa chochote wala kutoa namba ya siri.

Kuhusu anwani, jibu lilitoka kwa kijana wa boda anayetupelekea mizigo. Alikuwa amesimama mlangoni akitusikiliza tukibishana kuhusu ramani za simu, akauliza: "Kwa nini hamuulizi anapeleka chai wapi?" Kila boma la mkulima mdogo huku lina kituo cha kununulia chai linakopeleka majani, na kila kituo kina jina ambalo watoto wa shule wanalijua. Boda wote wanavijua. Jirani aliye kituoni siku ya kupima anamjua kila mtu anayesimama kwenye foleni. Tuliiondoa nafasi ya barabara, tukaondoa msimbo wa posta, tukaweka orodha ya vituo na chini yake nafasi ya maneno machache ya kuelekeza. Tangu siku hiyo mizigo iliyopotea njia imekuwa michache sana. Hakuna jedwali lolote la kulinganisha programu ambalo lingetuletea wazo lile.

Kituo cha kununulia chai kinastahili kutazamwa na yeyote anayepanga mradi wa kidijitali huku. Mkulima wa KTDA, shirika linalosimamia chai ya wakulima wadogo, hufika na gunia lake, majani yanapimwa kwa mizani ya kielektroniki, kilo zinaonekana, anapewa risiti. Zamani karani aliandika kitabuni. Mashine ilipokuja haikumtaka mkulima ajifunze kitu kipya. Ilifanya kile kitabu kilichokuwa kikifanya, kwenye kituo kilekile, mbele ya macho yaleyale. Mkulima akiona kilo haziendani na uzito alioubeba, husema hapohapo. Sidai kwamba mizani hazilalamikiwi, zinalalamikiwa. Lakini teknolojia hiyo imekaa kwa sababu ilikubali kuingia katika mwendo uliokuwepo.

Kuna pia teknolojia iliyofika vizuri juu bila kushuka chini. Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, na kwa miongo mitano ukaendeshwa kwa wanunuzi kukusanyika ukumbini na nyundo kugonga meza. COVID-19 ilipozuia mikusanyiko mwaka 2020, mnada ukahamia kwenye mtandao. Kama hatua ya kiufundi, ilikuwa kubwa na ilifaulu. Lakini mkulima wa Mogogosiek au Kapset hapimi mnada kwa kasi ya mtandao. Anapima kwa bonasi ya Oktoba, yale malipo ya pili ya chai yake ya mwaka, na bonasi za magharibi ya Bonde la Ufa zimeendelea kuwa chini ya zile za mashariki, hadi watu wakaandamana. Programu ilibadilisha namna ya kuuza. Bei aliyokuwa akiilalamikia mkulima ilibaki palepale.

Mfano unaoniuma zaidi ni Copia. Kampuni hiyo ilianza kazi Kenya mwaka 2013 kwa wazo ambalo hata leo naliona sahihi: kuwafikia watu wa vijijini ambao maduka ya mtandaoni ya mjini hayawaoni. Haikumlazimisha mteja awe na simu ya kisasa. Ilimtumia wakala, mwenye kioski au fundi cherehani au mwenye saluni, ambaye alikuwa na katalogi ya picha. Mteja anachagua, wakala anaagiza, mzigo unaletwa kwa wakala. Uaminifu haukujengwa na tovuti, ulikuwepo tayari baina ya mteja na mtu anayemjua. Mei 2024, ilipokosa mtaji mpya, kampuni iliwekwa chini ya wasimamizi na shughuli zikafungwa. Nimewasikia watu wakisema hiyo ni dalili kwamba vijijini hakuna biashara ya mtandaoni. Sikubaliani nao. Wateja walikuwepo na mawakala walikuwepo. Kilichokuwa kizito ni kuendesha maghala na magari ya kampuni kubwa kwa faida ya sukari na sabuni. Duka dogo la Litein halina gari hata moja. Linatumia matatu na boda ambazo zingepita barabarani hata kama lisingekuwepo.

Serikali nayo imejaribu. Kuanzia mwaka 2009 vituo vya Pasha vilikusudiwa kupeleka kompyuta na intaneti mashinani kwa njia ya mikopo kwa wafanyabiashara wa huko. Simu za mkononi zikavipita mbio. Mpango wa sasa wa serikali iliyoingia mwaka 2022 unataja kilomita 100,000 za nyaya za intaneti na vituo vya kidijitali 1,450, kimoja kwa kila wadi. Nitaurudia kabla sijamaliza.

Nisije nikaeleweka kwamba kuchagua programu huria kulitupa raha. Kulitupa kazi. Ukikodi programu, kuna watu huko mbali wanaokesha ili duka lako lisilale. Ukichukua ya bure, anayekesha ni wewe. Programu ina matoleo mapya, na usipoyaweka wezi huingia. Seva hulipiwa kwa mwaka, jina la tovuti linaloishia na .co.ke nalo hulipiwa. M-Pesa, kupitia Daraja, ule mlango ambao Safaricom, kampuni inayoendesha M-Pesa, iliwafungulia waandishi wa programu mwaka 2017, hutuma jibu la kila malipo kwenye tovuti yako. Jibu hilo linahitaji kukuta mlango uliofungwa kwa usalama na ulio hai. Siku moja cheti cha usalama cha tovuti yetu kiliisha muda bila sisi kukumbuka. Wateja walilipa, pesa zikaingia, lakini majibu hayakufika, na kompyuta ikaendelea kusema kila oda haijalipwa. Watu wawili walilipa mara mbili. Tuliwarudishia siku ileile, mmoja wao hakuwahi kununua kwetu tena, na simlaumu.

Mbaya zaidi ilikuwa Oktoba iliyofuata. Kijana aliyetuundia tovuti, mwenye kipaji na moyo mwema, alipata kazi nzuri Nairobi. Alienda na namba zote za siri kichwani mwake na kwenye kompyuta yake. Tovuti ikaharibika siku ambazo bonasi ilikuwa imetoka na watu wana pesa. Wiki mbili duka halikuwa mtandaoni. Kilichotuokoa ni daftari la kaunta na simu ya dukani. Shemeji alipokea oda kwa WhatsApp, akatuma namba ya Lipa na M-Pesa, ile watu huiita tili, mteja akalipa na kutuma zile herufi na tarakimu kumi za uthibitisho, oda ikaandikwa daftarini, boda ikaondoka. Ilikwenda taratibu, lakini ilikwenda. Baada ya hapo namba za siri zote ziliandikwa na kufungiwa dukani. Haikuwa kwa ajili ya urahisi pekee. Orodha ile ina majina na simu za mama zetu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamwajibisha mwenye duka, mdogo au mkubwa, kujua data hiyo iko wapi na nani anaishika.

Wiki mbili zile zilinibadilisha mawazo. WhatsApp ya biashara ilitoka mwaka 2018 na ikapata katalogi ya bidhaa mwishoni mwa 2019. Kwa duka linalopata oda tatu nne kwa siku, katalogi hiyo, tili na daftari zuri vinatosha, na ningemshauri mtu aanze hapo bila aibu yoyote. Programu ya duka ianze kutafutwa siku oda zinapozidi kumbukumbu ya mtu mmoja: unapomsahau mteja, unapopeleka mzigo mara mbili, unapouza blanketi lililokwisha kuuzwa asubuhi. Siku hiyo itajionyesha yenyewe. Tena mtu aliyefika hapo kupitia daftari ana kitu ambacho sisi hatukuwa nacho wakati wa jedwali letu. Ana kumbukumbu ya oda halisi.

Lipo jambo moja ambalo hatukulihamisha kutoka daftarini, nalo ni deni. Wateja wa karibu husema, "Nipe, nitalipa ya bonasi." Shemeji humtazama mtu usoni, anajua chai yake, anajua kama mwaka huu ana karo ya kulipa, anajua kama ana mgonjwa hospitali ya Tenwek, ndipo anaamua. Nilimwonyesha programu za nyongeza za kulipa kwa awamu. Alizikataa. Alisema kompyuta itamdai mtu tarehe thelathini hata kama bonasi haijatoka, na jirani akidaiwa na mashine siku asiyo nacho hatapita tena mbele ya duka. Nilibishana naye siku ile. Sasa naona alikuwa sahihi.

Hata neno lenyewe lilitupa somo. Programu huita kikapu mahali mteja anapoweka vitu kabla ya kulipa. Huku kikapu ni cha mgongoni. Anayekijaza halipi, yeye ndiye wa kulipwa, kwa kilo. Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa katika mashamba makubwa ya Kericho na watu waliohofia kikapu hicho kuondolewa mgongoni mwao bila kuulizwa. Siungi mkono moto. Ila anayeleta chombo kipya huku ajue kwamba watu watauliza mapema kitamlipa nani na kitamnyima nani. Kwenye tovuti yetu tuliandika *Vitu ulivyochagua*, tukakiacha kikapu shambani.

Kwa kijana wa Silibwet, Sotik, Roret au Chepseon anayetaka kuchagua programu wiki hii, nina ombi moja. Usianze na orodha za sifa. Keti na mwenye duka, chukua oda ishirini za kweli kutoka daftarini mwake, uzipitishe moja moja kwenye programu unayoijaribu kana kwamba wewe ndiye mteja aliyeko Nairobi. Kila mahali ambapo fomu inakulazimisha uandike uongo ili iendelee, sufuri tano, barabara isiyokuwepo, simu ya mtu asiye mlipaji, weka alama. Kisha uliza kama pale penye alama una ruhusa ya kupabadilisha, na ni nani atakayepatunza wewe ukipata kazi mjini. Programu itakayokupa majibu ya kuridhisha kwa maswali hayo mawili ndiyo yako, hata kama haina kuponi.

Na kwa maafisa wa kaunti za Kericho na Bomet wanaosubiri vituo vya kidijitali vya wadi: kabla kompyuta hazijanunuliwa, nendeni mkakae kwenye kaunta ya duka kwa wiki moja, na siku ya kupima chai mkasimame kwenye kituo cha kununulia. Wiki bora ni ile ya bonasi. Shemeji amesema mtapewa kiti na chai.